Binti wa Gari la Matangazo

Siku hizi watu wa kamera wanakuja Cataño, mji wetu huku kisiwani, wanamkalisha Migdalia Pizarro kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba yake na kumuuliza muziki wa regetoni ulianzia wapi. Wengi wao jibu wameshaliandika kabla hawajafika: Panama, Jamaika, Nyuyorki. Migdalia huwasikiliza mpaka wamalize, maana mama yake alimlea vizuri, halafu huwaambia, "Panama walikuwa na lao, na Jamaika walikuwa na lao. Mimi nilianzia juu ya paa la gari la baba, nafunga waya." Wao hucheka wakidhani anawatania, naye huwaacha wacheke.

Wala hana haja ya kumshawishi mtu. Mdundo wake umeshachezwa harusini, umeshatumika kuuza dawa ya meno, na mchungaji mmoja wa Toa Baja ameutilia maneno ya zaburi na waumini wake wanarukaruka nao bila kujua walipoutoa. Wapo wanaojiita baba wa muziki huu, na ukiwahesabu hao baba utashangaa mama alikuwa na subira kiasi gani. Migdalia yeye hajiiti kitu. Akisikia wimbo mpya redioni, huinua kichwa, husikiliza kidogo, na kama ngoma ndogo imekaa pale alipoiweka yeye tangu ujana wake, husema, "Asante kwa salamu," kisha huendelea kumenya ndizi zake.

Lakini hiyo habari ya paa la gari ni kweli tupu.

Baba yake, Don Tite, alikuwa na gari la matangazo. Huku tunaliita tumbacoco, mwangusha nazi, na aliyelipa jina hilo hakukosea. Lilikuwa pikapu nyekundu, juu ya paa lina tarumbeta nne, vile vipaza sauti vya mdomo mpana kama ungo, na nyuma lina jenereta iliyokuwa ikikohoa kuliko kunguruma. Don Tite alitangaza bingo ya kanisa, mkate wa moto, mbwa waliopotea. Alitangaza pia misiba, na Cataño mtu hakuhesabiwa kuwa amekufa mpaka Don Tite awe amepita mtaa kwa mtaa akimtaja yeye, mume au mke, watoto na wajukuu. Akimsahau mjukuu mmoja, ukoo mzima unamnunia.

Na kila uchaguzi ulipofika, alikuwa sauti ya wekundu. Huku kwetu rangi ya chama mtu huirithi pamoja na pua. Don Tite alizaliwa mwekundu, akaoa mwekundu, na aliwahi kukataa kung'olewa jino na daktari wa buluu, chama pinzani, hadi shavu likamvimba likawa kama amebania limau.

Migdalia alikuwa mtoto wake wa pekee, na kiti cha mbele cha pikapu ndicho kilichomlea. Kazi yake ilikuwa kubadilisha kanda, kufunga waya zilizolegea, na kusikiliza. Hilo la kusikiliza Don Tite alilifundisha kwa ukali. Hakuwa na shida na kelele. Kelele, alisema, hata bati linaweza.

"Usiniambie inasikika," alikuwa akimwambia. "Niambie inafika. Yule mwanamke aliye jikoni anakaanga samaki, mafuta yanalia, mtoto analia, mume naye analia: imemfika au haijamfika?"

Kwa hiyo msichana alijifunza kushuka garini, kutembea mpaka kona ya pili nyuma ya duka la mikate, na kusimama pale akisikiliza sauti ya baba yake ikija juu ya mapaa. Akirudi na kusema haijafika, Don Tite hakubisha. Alipanda juu na kugeuza tarumbeta.

Sasa, tarumbeta za namna ile hazina besi. Ni koo tupu, tumbo hakuna. Vijana wa Santurce walipoanza kuchanganya rege ya Kihispania kwenye kanda zao, walikuwa na maspika makubwa kama makabati, na muziki wao uliegemea besi, ukifika kifuani kabla ya sikioni. Migdalia alipopata mashine ya ngoma, mzigo wa binamu yake aliyerudi kutoka Nyujezi, alifanya kinyume. Alitaka mdundo utakaotembea hata kwa tarumbeta. Akauondoa uzito wote kwenye besi, akauweka kwenye ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, halafu akaisogeza mbele kidogo, chembe tu, ikapiga kabla sikio halijajiandaa. Ukiusikia, kiuno kinaenda chenyewe kuufuata, wewe unabaki kutafuta sababu.

Aliujaribu kwa namna yake. Aliweka dirishani kiredio kibovu, akaufungulia, akavaa kandambili, akaenda mpaka kona ya pili. Usipofika, anaufuta. Majirani walimzoea: binti wa Tite anapita mbio na kichwa kimeinama upande mmoja, usimsalimie, anafanya kazi.

Nyumbani kwao palikuwa na marquesina, lile banda la zege la kuegesha gari mbele ya nyumba, na Ijumaa jioni pikapu ilitolewa nje na vijana wakaingia kucheza. Mama yake, Doña Nereida, alikaa mlangoni akikaanga bacalaíto, chapati za unga na chewa, na mkononi alikuwa na uma mrefu wa kugeuzia. Uma ule ulikuwa na kazi mbili. "Nyinyi wawili mliobanana pale ukutani," alisema bila kugeuka, "nafasi ya Roho Mtakatifu iko wapi?" Na uma unapaa. Hapo ndipo Migdalia alipokuwa dijei. Hapo hapo alirekodi waimbaji, wamesimama juu ya zege tupu, magari yanapita, wakiimba mara moja bila kurudia. Bora wao alikuwa Abimael, kijana mwembamba mwenye sauti iliyokwaruza na mdomo usiojua kufungwa.

Kanda zile zilinakiliwa, zikanakiliwa nakala zake, zikafika Bayamón, Río Piedras, mpaka Bronx. Redio hazikuzigusa. Magazeti yaliandika kwamba ni uchafu unaoharibu watoto, polisi wakazichukua madukani, na wanasiasa wakasimama kuulaani muziki huo. Wekundu na buluu, ambao hawajawahi kukubaliana hata kama leo ni Jumatatu, kwa hilo walikubaliana.

Migdalia hayo hayakumtoa jasho. Alijua alichotengeneza, kama fundi wa viatu anavyojua kiatu hiki kitadumu. Alimtaka mtu mmoja tu aukubali, na mtu huyo alikuwa na masikio bora kuliko magazeti yote ya kisiwa. Alitaka mdundo wake upite kwenye zile tarumbeta nne, baba yake akiwa amesimama kona ya pili, arudi aseme: umefika.

"Baba," alimwambia siku moja wakitoka bingo. "Mtaa mmoja tu. Nauweka, tunapita, nauzima."

"Tarumbeta hizi zimemtangaza mama yangu alipokufa," alisema Don Tite. "Nipitishe hapo hapo mtu anayeimba mambo ya makalio?"

"Huu hauna maneno, baba. Ni mdundo mtupu."

"Ndiyo mbaya zaidi. Maneno mtu anaweza kuyajibu."

"Hata hujausikiliza."

"Sitaki kuusikiliza. Funga mlango vizuri, unatingisha."

Na kweli, kila alipowasha mashine chumbani, Don Tite aliinuka kwenye kiti chake, akachukua redio iliyokuwa ikitangaza mchezo wa besiboli, akatoka uani kwenda kusugua tarumbeta ambazo zilikuwa zinang'aa tayari. Migdalia alisikia kiti kikisogea upande wa pili wa ukuta, na moyo ulimuuma kila mara, zaidi ya gazeti lolote lililowahi kuandika. Miaka miwili ilikwenda hivyo. Akaacha kuomba.

Ndipo Abimael alipokuja na jambo lake, mwaka wa uchaguzi wa tisini na sita. Mjomba wake alikuwa na tumbacoco la buluu, jipya, maspika yamepangwa hadi juu ya kibanda cha dereva.

"Wanataka wimbo wa vijana," alisema. "Mimi naimba, wewe unaweka mdundo. Jina la mgombea, 'piga kura', 'ushindi', yamekwisha."

"Hao si ndio waliosema sisi ni uchafu?"

"Uchafu ulikuwa mwaka jana. Mwaka huu ni utamaduni."

"Abi, mimi ni binti wa nani?"

"Wa Tite, najua. Ndiyo maana utapigwa Bayamón tu. Cataño hautaingia. Naapa kwa mama yangu."

"Mama yupi, huyo uliyemwapia kuwa utarudisha maiki yangu?"

"Nitairudisha! Dada yangu, we fikiria. Gari kubwa vile. Barabarani. Mchana kweupe."

Hilo la mwisho ndilo lililomshinda. Angekuwa mgeni asingefanya kosa lile, kwa sababu mgeni angeogopa rangi asizozijua. Yeye alizizoea kiasi cha kudhani zina mipaka, kwamba msafara wa buluu wa Bayamón utabaki Bayamón. Akaurekodi mdundo wake bora kuliko yote, Abimael akauimbia, kanda ikaenda. Usiku huo alilala vizuri sana, nitasema ukweli, maana furaha haiulizi rangi.

Jumapili ya mwisho kabla ya kura, wekundu walitoka na msafara wao. Magari, farasi, baiskeli, bendera, vyungu vya kupigwa kwa vijiko. Mbele kabisa pikapu ya Don Tite, yeye kwenye usukani, Migdalia kando yake na sanduku la kanda miguuni, na nyuma amesimama Don Neftalí, mwenyekiti wa kamati, mwanamume wa shingo nene aliyeshika maiki kama anamkaba mtu. Tarumbeta zilikuwa zinatoa plena ya zamani, ile ngoma ya wazee wa chama. Wazee walikuwa wakipunga leso. Vijana walikuwa wakikaa tu juu ya magari, wanakula.

Walipokata kona kuingia daraja la mfereji, lile la mtaa wa Juana Matos lisilopisha magari mawili, msafara wa buluu ulikuwa unaingia upande wa pili.

Kila mtu wa Cataño anajua kinachofuata. Tumbacoco mbili zikikutana mahali pembamba, hakuna polisi anayeamua. Zinasimama uso kwa uso na kupigiana muziki mpaka mmoja azidiwe na kurudi nyuma, na atakayerudi atakumbushwa hilo kwenye duka la mikate kila asubuhi mpaka uchaguzi mwingine. Don Tite hakuwahi kurudi nyuma hata mara moja. Aliwahi kukaa pale mpaka mvua ikanyesha na kukauka.

"Ongeza sauti," alimwambia binti yake.

Migdalia aliongeza. Buluu nao wakabadilisha kanda. Kisha ukaja: ngoma ndogo, ile ya mlio mkali, mbele ya wakati wake kwa chembe. Na juu yake Abimael anakwaruza jina la mgombea.

Migdalia aliutambua papo hapo. Mdundo ulipita juu ya plena kana kwamba plena haikuwepo. Nyuma ya pikapu vijana wekundu waliacha kula. Msichana mmoja mwenye bendera nyekundu alianza kutikisa bega, mama yake akampiga kibao, bega likaendelea.

"Tite!" Don Neftalí alikuwa anagonga paa. "Tite, wajibu! Weka kitu! Watu wetu wanacheza!"

Don Tite hakusogea. Mikono iko kwenye usukani, kichwa kimeinama upande mmoja. Migdalia alitamani ardhi ipasuke, lakini hakuzoea kumdanganya baba yake, na aliona ni heri ayaseme kuliko kuambiwa.

"Baba. Ule ni wa kwangu. Niliwatengenezea mimi. Abi aliniapia kuwa..."

"Zima yetu," alisema Don Tite.

"Baba..."

"Zima, nisikie."

Alizima. Tarumbeta nne zikanyamaza katikati ya plena, na msafara mzima wa wekundu ukapiga yowe kama umemwagiwa maji. Don Neftalí aliruka chini, akaja dirishani, jasho linamtiririka.

"Una wazimu? Na huyu binti yako ndiye aliyewapa? Nimesikia! Kikulacho ki nguoni mwako, Tite! Msiba wa chama hiki umeutangaza wewe!"

"Neftalí, kaa kimya kidogo," alisema Don Tite kwa upole. "Unanizibia."

Akasikiliza tena. Midomo yake ilikuwa inasogea kidogo, kama mtu anayehakiki majina ya marehemu kabla ya kuyasoma. Kisha akamgeukia Migdalia, na alikuwa amekasirika kweli, macho yamemtoka.

"Wanaupiga polepole," alisema.

"Nini?" Migdalia aliuliza.

"Mdundo wako. Wanaupiga polepole, wapumbavu wale. Umelegea. Hivi sivyo unavyokwenda."

"Wewe umejuaje unavyokwenda?"

"Miaka miwili unanigongea ukuta, unadhani mimi kiziwi? Ukutani hausikiki vizuri, ukuta unakula ile ngoma ndogo. Ndiyo nilikuwa natoka uani. Uani unafika vizuri." Akafungua mlango wa upande wa Migdalia kwa kupitisha mkono juu ya mapaja ya binti yake. "Nenda kawaambie. Usiwaache waupige hivyo mbele za watu."

"Niende kwa buluu?"

"Wana maradhi gani? Shuka."

Alishuka. Alivuka daraja akiwa na blauzi nyekundu, na buluu wakadhani amekuja kujisalimisha wakaanza kushangilia. Juu ya gari lao Abimael alimwona akataka kujificha nyuma ya spika.

"Migdalia, naapa, mjomba ndiye aliyebadili njia..."

"Nani amegusa mwendo wa kanda?"

"Eh?"

"Mwendo! Nani ameupunguza?"

Mjomba alieleza, kwa aibu kidogo, kwamba mgombea wao ni mtu mzima na makofi yake hayakuwa yanawahi. Mgombea mwenyewe alikuwa amesimama pale na kofia mpya, akitabasamu, akipiga makofi yake kwa uangalifu. Migdalia alimpita, akapiga magoti mbele ya mashine, akashika kitufe cha mwendo. Kisha akageuka kutazama pikapu nyekundu.

Don Tite alikuwa ametoka, amesimama kwenye ubao wa kukanyagia mlangoni mwa pikapu, mkono mmoja umeshika tarumbeta, mwingine ameunyoosha juu, kiganja wazi. Migdalia aliongeza kidogo. Kiganja kikatikisika: bado. Akaongeza. Bado. Akaongeza chembe, ile chembe yenyewe, na kiganja cha baba yake kikafumba.

Daraja lote lilishuka magarini. Sitasema wekundu na buluu walipatana, kesho yake walitukanana kama kawaida. Lakini muda ule walicheza, bendera zimebanwa makwapani, na mgombea aliachwa nyuma na makofi yake. Don Neftalí peke yake alisimama palepale karibu na pikapu.

"Ukirudisha gari hili nyuma, Tite," alisema, "hutashika tena maiki ya chama hiki. Nakwambia mbele ya watu."

Don Tite alikuwa ameshaingia ndani. Alirekebisha kioo, akatoa kichwa dirishani kuangalia nyuma asije akamgonga mtu, akaanza kurudi kinyumenyume, taratibu, akiwapisha buluu. Migdalia alimwona kutoka juu ya gari la buluu, akalia pale pale mbele ya vyama vyote viwili, wala hakujifuta.